Majibu ya Wanawake

Nyumbani
9 Februari 1975

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na zikukute umeshakula. Huku tunaendelea. Bibi yako ni mzima, masikio tu ndiyo yamestaafu. Ukimwambia chai iko tayari anauliza nani amefariki. Baba yako mdogo hajambo. Karakana imejaa viti vya ofisi ya posta, yeye anapiga randa na mimi nashona mito yake, na vumbi la mbao limetuingia mpaka kwenye nyusi.

Sasa, kabla hujaendelea, itazame barua hii vizuri. Utazame mwandiko. Unaona herufi zinavyopanda na kushuka, kama kuku aliyekanyaga majivu akakatiza sebuleni? Huo si mkono wa baba yako mdogo. Ni wangu.

Ndiyo, mwanangu. Tangu mwaka jana naenda darasa la jioni kwenye zahanati. Tunakaa kwenye yale mabenchi ya wagonjwa, wanawake watupu, na mwalimu wetu ni nesi wa sindano. Anafundisha vilevile anavyochoma: haraka, halafu anauliza kama imeuma. Sikukuambia mapema, maana ningekuambiaje? Barua zangu zote alikuwa anaziandika fundi, baba yako mdogo. Mimi nasema maneno ishirini, yeye anaandika matano: "Wote wazima. Mvua imenyesha." Ulipopata kazi ya uchapaji nilimwambia akuandikie kwamba nilicheza peke yangu jikoni mpaka sufuria ikaungua. Je, aliandika? Najua hakuandika.

Basi leo nakuuliza mwenyewe jambo ambalo nisingeweza kulipitisha kwenye kinywa cha mwanamume. Je, kuna mtu? Nauliza tu. Umri wako naujua, na najua pia kwamba binadamu haishi kwa kushikana mikono na mashine.

Bahasha nimeifunga kwa ulimi wangu. Fundi ameniuliza nimekuandikia nini, nikamjibu, "Mambo yetu." Jibu lako lilete kwa jina langu.

Mama yako mdogo, kwa mkono wake


Kiwandani
2 Machi 1975

Mama mdogo,

Shikamoo. Na bibi shikamoo, msomee kwa sauti kubwa. Baba mdogo naye shikamoo.

Barua yako niliifungua nikiwa nimesimama kando ya mashine. Nilipofika pale kwa kuku aliyekanyaga majivu nikakaa chini juu ya marobota ya karatasi, na msimamizi akaniuliza kama kuna habari mbaya nyumbani. Nikamwambia ni habari ya sufuria iliyoungua mwaka juzi, nimeipata leo.

Mimi ni mzima. Kazi bado ni ileile: napanga herufi za madini ya risasi moja moja, kinyume, kama maneno yanavyoonekana kwenye kioo. Wale wazee wawili wa kupanga herufi, waliosema mwanamke ataziangusha, wamenyamaza. Mwezi uliopita mmoja wao aliangusha trei nzima ya herufi, na aliyepiga magoti kumsaidia kuokota ni mimi. Tangu siku hiyo ananiwekea nafasi karibu na dirisha.

Kinachotuweka macho siku hizi ni vijitabu vya barua za uchumba. Mwanamume asiyejua aanzie wapi ananunua, ananakili, anapeleka. Vinatoka kama mkate wa asubuhi. Ila wiki iliyopita akaja dada mmoja hapa kaunta, akachukua kimoja, akakifungua mbele hadi nyuma, akauliza, "Majibu ya mwanamke yako wapi?" Msimamizi akamwonyesha ukurasa wa mwisho. Liko jibu moja tu: "Nimepokea barua yako. Tafadhali muone baba." Yule dada akasema, "Baba yangu kaandikiwa na nani?" Akakirudisha kijitabu akaenda zake.

Uliniuliza kama kuna mtu. Hapa watu ni wengi sana, mama mdogo. Kuna msimamizi. Kuna dereva wa karatasi. Kuna kinyozi wa ng'ambo ya barabara ambaye haongei kabisa. Watu huenda kwake kupumzisha masikio. Ana kioo kirefu kinachotazama kwetu, ukisimama dirishani unajiona ndani yake, na mkono wake ni mwepesi, hata watoto hawalii wakinyolewa. Basi ndiyo hao, na wote hawajambo.

Lakini wewe umeniandikia habari za kila mtu kwa urefu, baba mdogo umempa mstari mmoja. Yeye anasemaje kuhusu kusoma kwako?

Mwanao, mpanga herufi


Nyumbani
20 Aprili 1975

Mwanangu,

Nakusalimu sana. Najua nimechelewa. Bibi yako alikuwa na kikohozi, kalamu nayo ikakauka, na mambo mengine madogo madogo. Bibi sasa amepona, ameanza tena kugombana na redio.

Nikusimulie harusi. Unamkumbuka muuza mkaa? Sasa ni mwenzangu wa benchi la mbele darasani. Binti yake ameolewa. Zamani, unajua, karani analeta karatasi, bibi harusi anachovya kidole gumba kwenye wino, anagandamiza, vigelegele, tunaenda kula. Kidole gumba hakikuwa na macho. Safari hii binti akasema, "Ngoja nisome." Karani akacheka akidhani ni utani. Binti akaisogeza karatasi kwenye mwanga akaanza kusoma, taratibu, midomo inacheza, na ukumbi mzima unamsubiri. Bwana harusi jasho linamchuruzika mpaka kwenye kola, maskini, utadhani kuna kitu amekificha humo.

Akafika katikati, akasimama. Kwenye mstari wa kazi ya mume wameandika "fundi bomba". Kwenye mstari wa kazi ya mke wameandika "hana". Na huyu binti cherehani yake ndiyo iliyoshona nusu ya nguo zilizokuwa ndani ya ukumbi ule, ikiwemo suruali ya karani. Akasema, "Sitii sahihi mpaka muandike mshonaji." Karani akatazama wazee, wazee wakatazama dari. Aliyeamua ni bwana harusi mwenyewe. Akasema, "Bwana karani, andika. Ni kweli anashona." Ikaandikwa.

Wakati wa kula mzee mmoja akalalamika kwamba zamani shughuli hii ilikuwa ya dakika mbili. Muuza mkaa akamjibu, "Ndiyo maana."

Baba yako mdogo hajambo. Siku hizi chakula chake nampelekea karakana, kazi zimekuwa nyingi.

Halafu, mwanangu, mimi kusoma ndiyo naanza, lakini kuhesabu nilianza zamani. Msimamizi umempa maneno mawili, dereva maneno manne. Huyo kinyozi asiye na maneno umempa aya nzima.

Mama yako mdogo


Kiwandani
11 Mei 1975

Mama mdogo, shikamoo.

Sijambo, na mvua hapa zimepungua. Bibi mpe pole ya kikohozi. Kisa cha harusi nimekisoma mbele ya wote wakati wa chai, na mzee wa trei ameniomba nikirudie.

Haya, umenishika. Kuna mtu, na ni kinyozi.

Mwishoni mwa mwezi wa pili alivuka barabara akaniwekea bahasha dirishani, akarudi kwake bila kusema hata habari za kazi. Nikafungua. Mama mdogo, maneno yaliyokuwamo yangeweza kulainisha msumari. Mimi ni ua, roho yake ni bustani, macho yangu taa ya msafiri. Nikajiambia, kumbe watu wanyamavu wanahifadhi. Nilitembea na barua ile mfukoni mwa aproni, na nikipanga herufi naitazama ng'ambo. Ya pili ikaja, nzuri zaidi. Kuna kitu kilikuwa kinanikuna, kama mtu ninayemjua sauti ila jina limenitoka, lakini nilikikataa.

Ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Imeandikwa hivi: "Wewe ndiwe pengo langu la pekee, na bila pengo lako siwezi kulala."

Pengo, mama mdogo. Si pendo.

Nikaenda kwenye rafu nikachukua kijitabu chetu cha barua za uchumba. Nusu ya kwanza niliipanga mimi. Nusu ya pili aliipanga mzee wa trei, wiki ileile herufi zilipomwagika na g zikaingia kwenye kisanduku cha d. Nyingi zilisahihishwa, mstari mmoja ukaponyoka. Uko pale pale, na pengo lake. Kinyozi amenakili neno kwa neno, na kosa letu la uchapaji akalichukua kama lilivyo.

Nimecheka mpaka machozi yakanitoka, na baadhi ya machozi hayo hayakuwa ya kicheko. Mtu akikuletea maua aliyoyachuma kwenye shamba unalolilima wewe, unayapokeaje? Sijamjibu. Nimehamisha kiti changu kutoka dirishani.

Na wewe nijibu. Baba mdogo anakula karakana tangu lini? Yeye ndiye aliyekuwa akisema mbao na mchuzi havikai chumba kimoja.

Mwanao


Nyumbani
1 Juni 1975

Mwanangu wa mimi,

Salamu kwako, na pole. Huku afya ni njema.

Pengo lako limenikuta jikoni. Nilicheka, mwanangu, nikashika ukuta, nikacheka tena mpaka bibi yako, asiyesikia kitu, akaanza kucheka kwa kunitazama. Fundi akatoka karakana na randa mkononi, akasimama mlangoni. "Kuna nini?" Nikasema hakuna kitu. Akaendelea kusimama kidogo, akaona barua, akageuka. Nilipoutazama mgongo wake ukiondoka, kicheko kikaniishia.

Basi nikuambie. Mimi na baba yako mdogo tangu mwezi wa pili hatuzungumzi ila habari za mbao na sponji.

Unalikumbuka benchi la mbele ya karakana? Jioni watu walikuwa wakikaa pale na bahasha zao. Anatoka, ananawa mikono, anavaa miwani, anasoma. Anajua nani kapata mjukuu, nani mgonjwa, mume wa nani kasahau kurudi. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wanapita kwake ili wajue wanachoambiwa na waume zao. Walimheshimu, na yeye, niseme ukweli wa Mungu, hakuwahi kutoa siri ya mtu nje. Sasa wanawake wale wako kwenye mabenchi ya zahanati pamoja na mimi. Benchi la karakana sasa anaanikia mbao zilizotiwa gundi.

Hilo alilimeza. Lililomkaa kooni ni bahasha niliyoifunga. Hajawahi maishani kuwa nje ya barua. Aliniambia, "Miaka yote nimekuwa mdomo wako, leo nimekuwa jirani." Na mimi badala ya kunyamaza nikamjibu, "Mdomo wangu ulikuwa unameza maneno kumi na tano kila nikisema ishirini." Akachukua sahani yake akaenda karakana, na huko ndiko anakokula. Kosa langu silioni, ila sahani hiyo inaniuma.

Sasa kuhusu kinyozi. Usimtupe. Kama angekuwa laghai, angeondoa angalau hilo pengo. Mtu anayenakili neno lisiloeleweka bila kuuliza ni mtu anayeamini kwamba maneno mazuri ni mali ya wengine. Nawajua watu hao, nimekuwa mmoja wao mpaka juzi. Mwambie akiweke kijitabu kando aandike yake, hata mistari mitatu. Ikishindikana, mnyoe wewe.

Darasani niliwasimulia kuhusu lile jibu moja la "muone baba". Nesi akatupa zoezi: kila mmoja aandike jibu lake. Nakuletea yote, mwenye kijitabu ayaone. La muuza mkaa ni hili: "Nimepokea barua yako na nimeisoma mwenyewe mara mbili. Macho yangu si taa, ni macho. Kabla sijakujibu naomba kujua nani atakuwa anateka maji." La wifi yake ni fupi: "Hapana, ila mwandiko wako ni mzuri."

Mama yako mdogo


Kiwandani
3 Julai 1975

Mama mdogo mpenzi,

Shikamoo kwako na kwa bibi. Nimepata barua yako na majibu yote ya darasa. Mimi ni mzima kuliko mwezi uliopita.

Nilivuka barabara mchana, wakati hana mteja. Alikuwa anafagia nywele. Nikaweka kijitabu juu ya kiti cha kunyolea, kimefunguliwa kwenye ukurasa ule, na barua yake pembeni. Akatazama kimoja, akatazama kingine, akaegemeza ufagio ukutani.

"Umekipata wapi?" akauliza.

"Ninakichapa."

Akakaa chini. Akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nakurudishia maneno yako."

"Nusu ni ya mzee mmoja," nikamwambia. "Na hili pengo, ulipolifikia, hukushangaa?"

"Nilishangaa."

"Sasa mbona ukaliandika?"

Alikaa kimya muda mrefu, mama mdogo, nami nikakumbuka kwamba watu wanalipa ili kukaa na kimya hicho. Halafu akasema, "Nilifikiri maana yake ni kwamba kama hupo, mahali pako panabaki wazi. Nikaona ndilo neno pekee la kweli katika kitabu chote."

Nilikuwa nimekwenda na hotuba. Ilinitoka yote kichwani. Nikamwambia tu, "Niandikie yako. Bila kitabu."

Ilimchukua karibu wiki mbili. Nakunakilia yote, maana ni fupi: "Mimi maneno yananipa shida. Kioo changu nilikigeuza ili kitazame dirisha lenu, na wateja wananung'unika kwamba hawajioni vizuri. Tangu umehamisha kiti, hata mimi sioni kitu. Tafadhali rudi dirishani, nikupe jibu la swali lolote."

Nimerudi dirishani, na nimemjibu kwa maandishi. Swali la muuza mkaa nimelitia humo humo. Amejibu kwamba kuteka maji anajua, anayateka kila siku ya dukani.

Msimamizi alisoma majibu ya darasa lenu akiwa amesimama, kisha akakaa akayasoma tena. Kijitabu kinachapwa upya, na nusu nzima sasa ni ya wanawake: ya kukubali, ya kukataa, na ya kusema subiri kwanza. Amenipa mimi kuikusanya. Waambie wenzako wazidi kuandika. Mzee wa trei ameomba pengo libaki, nami nimekubali.

Mama mdogo, nimeifikiria sana ile sahani. Baba mdogo amewaandikia watu wa mtaa mzima barua za kwenda kila pembe. Je, wewe amewahi kukuandikia nini?

Mwanao


Nyumbani
5 Agosti 1975

Mwanangu,

Salamu za furaha. Bibi yako nimemwambia habari za kinyozi kwa kupiga kelele, na sasa mtaa wote unajua. Anauliza kama atamnyoa bure. Mlete tumwone, na asihangaike kutafuta maneno ya kutuambia, sisi tunayo ya kutosha.

Swali lako nilikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu nikapeleka sahani karakana, na badala ya kuiacha nikaketi juu ya kiti cha posta. Nikamuuliza, "Fundi, umewahi kuniandikia mimi barua?"

Akaendelea kupiga msasa. "Ningekuandikia nini, halafu nikusomee mwenyewe?"

"Sasa ninasoma," nikamwambia. Akapuliza vumbi kwenye ubao. Nikachukua sahani tupu nikarudi.

Wiki ikapita. Jumanne mleta barua akapiga hodi. Nikajua ni wewe, nikatoka mikono ina pamba. Bahasha ina stempu, ina muhuri, na mwandiko ni ule ulioandikia mtaa mzima. Mwanangu, mtu huyu alipita mbele ya mlango wangu na barua yangu mfukoni, akatembea mpaka posta, akainunulia stempu, ili irudi kupita karibu na karakana yake ije inikute mimi hapa. Nikaifungua pale pale mlangoni.

Inaanza hivi: "Mke wangu mpendwa. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba mimi niko hapa karakana salama, isipokuwa shingo. Natumaini nawe huko nyumbani u mzima." Nilitaka kucheka, ila niliendelea. Katikati ameandika: "Barua za watu nilizisoma zote bila kupunguza. Zako nilizipunguza, kwa sababu ulikuwa unasema vizuri kuliko nilivyoweza kuandika, na sikutaka ujue." Mwisho anaomba nimjulishe kama bado nimekasirika, na kama inafaa aje kula.

Mengine yaliyomo sikuandikii. Ukurasa wa pili wote ni wangu.

Jioni ile alikuja akakaa kwenye kiti chake. Tukala, tukazungumza habari za bawaba na masikio ya bibi yako. Barua hakuitaja yeye wala mimi. Kesho yake nikamjibu, kurasa tatu, maneno yote ishirini na zaidi, nikapeleka posta kwa mguu.

Imefika leo asubuhi. Nilikuwa nafua nje nikamwona mleta barua akiingia karakana. Akatoka. Halafu baba yako mdogo akaufunga mlango wa karakana, mchana kweupe, jambo ambalo hajalifanya tangu nimjue. Amekuja mteja wa meza, amegonga, ameita, amezunguka mpaka dirishani. Hakufungua.

Mteja ameniuliza kama fundi yupo. Nimemwambia yupo, lakini ana kazi, arudi baadaye.

Mama yako mdogo